Nyama Nyekundu ya Kisigino

Asubuhi aliyofariki Viliami, kiti chake cha magurudumu kilibaki barazani kikiwa kitupu. Binti yake Seini alikikunja, akakiegemeza ukutani. Kisha akajifunga kiunoni mkeka mkuukuu wa msiba, ule mpana uliochanikachanika pindo. Kwa desturi yao, baba akifa, mtoto ndiye wa chini kabisa msibani: mahali pake ni jikoni, kwenye tanuri la shimoni, miguu mitupu.

Lakini kisigino chake cha kushoto kilikuwa na kidonda cha sukari, sawasawa na kile kilichommaliza baba yake. Muuguzi wa zahanati alimwonya asikikanyagie kabisa. Basi akaketi juu ya kreti la soda, mguu akaupandisha kwenye gunia, akaanza kumenya viazi vikuu.

"Haya, malkia ameshakaa!" binamu yake Tevita alimtania, huku akipanga mawe ya moto. "Tukuletee na mwavuli?"

"Ulete. Na hivyo viazi vyako urudie, umevimenya kana kwamba umevitafuna."

Watu wakacheka. Kicheko kilikatika alipoingia Shangazi Kalolaine, dada mkubwa wa marehemu. Katika msiba ule hakuna aliyekuwa juu yake; hata mchungaji alingoja aketi kwanza.

"Fungua mguu niuone."

Seini akafungua bandeji. Ndani ya kidonda nyama ilikuwa nyekundu, ya chembechembe, ikitoka damu kidogo.

"Inaoza hii. Leteni maji ya majani na brashi, tumsugue kama tulivyomsugua baba yake."

"Hapana, Shangazi."

Tevita akaacha kupanga mawe. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

"Unasemaje?"

"Kumsugua ndiko kulikomponza baba. Muuguzi alinieleza. Nyama iliyojeruhiwa ikikosa hewa hutoa kitu cha kuiita damu, na mishipa midogo ya damu, myembamba kuliko unywele, huchipua kuifuata. Wekundu huu ndiyo hiyo mishipa: kidonda kinapona. Baba naye ilimchipukia, tukaing'oa kila mara tukidhani ni uozo."

"Brashi niliishika mimi," Shangazi alisema polepole.

"Na ndoo niliishika mimi. Lakini huu mguu sitausugua, wala sitaukanyagia. Nitamenya hapahapa mpaka viazi viishe. Mkitaka kunifukuza, nibebeni na kreti langu."

Shangazi alikitazama kile kiti kilichokunjwa kule barazani. Akavuta kreti jingine, akaketi palepale jikoni, mahali ambapo mtu wa daraja lake hakai. Akauchukua mguu wa Seini, akaupakata, akaanza kuufunga bandeji taratibu. Watu wakainamisha macho.

"Tevita, unashangaa nini? Menya!"

Kidonda sasa kimepungua hadi upana wa ukucha wa kidole gumba. Kila Jumanne Shangazi humsukuma Seini hadi zahanati kwa kiti kile cha magurudumu.