Tumbo la Kawandi

Mimi Sabirabi situpi kitambaa. Wifi yangu Husenbi husema nyumba yangu ni jaa lililoezekwa paa. Aseme! Shati la marehemu mume wangu lilipochanika mikono, nilichukua mgongo. Sketi ya shule ya binti yangu Zaitunbi ilipombana, nilichukua marinda. Vyote guniani, na gunia darini.

Basi Zaitunbi akajifungua mtoto wa kike huko alikoolewa, kijiji cha ng'ambo ya msitu. Kwetu Wasidi wa India, bibi mzaa mama ndiye anayempelekea mtoto kawandi, lile tandiko la viraka la kulalia na kujifunika. Na huko yuko Jamilabi, mama mkwe wa mwanangu, mshonaji ambaye hata wasiompenda wanamkubali. Siku ya harusi aliishika kawandi tuliyompa Zaitunbi kwa vidole viwili. "Kwao hawashoni," akasema, "wanapachika." Tangu siku ile mwanangu anaishi katika nyumba ile kichwa chini. Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikaapa safari hii Jamilabi atakoma. Nikatandaza sari yangu kuukuu, nikaanza kushona ukingoni kama tufanyavyo, nikizunguka kuelekea katikati. Kwa kiburi changu nikaifanya pana kupita kiasi, na viraka vyote vizuri nikavimalizia pembeni. Kufika tumboni, gunia tupu! Katikati pamebaki uwazi wa ukubwa wa sinia.

Husenbi akacheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, leo umepatikana. Nenda dukani ukakate kitambaa kipya, nani atajua?"

"Jamilabi atajua. Kitambaa cha dukani tumboni? Bora nipite sokoni bila nguo."

"Hilo nami ningekuja kutazama."

"Hebu toka hapa!"

Hakutoka. Alibaki kunitungia uzi, maana macho yangu siku hizi yananitania. Nikaanza kuokota mkekani yale mabaki niliyopunguza kwenye viraka, membamba kama kidole, mengine hata kidole hayafiki. Vitu vya kufagiwa. Nikayakunja kingo moja moja, nikayashona yakibanana, duara ndani ya duara. Husenbi akaacha kucheka.

"Utapofuka, wewe mwanamke," akasema, lakini akausogeza mkeka mlangoni penye mwanga.

Kabla ya kufunga kipande cha mwisho nikatia punje za mchele, kawandi isilale njaa. Kwenye pembe nne nikaweka phula, yale maua ya kitambaa kilichokunjwa pembetatu, maana bila hayo kawandi iko uchi.

Tulipofika kwa Jamilabi, mimi na Husenbi, chumba kimejaa wanawake. Zaitunbi hakunitazama. Alikuwa ananiogopea, nilijua. Jamilabi akapokea kawandi, akaigeuza nyuma kwanza, mchawi yule! Akapitisha kidole kwenye mishono. Akaigeuza mbele, akazivuta phula moja moja. Akabonyeza tumbo, akausikia mchele. Kisha akaviinamia vile vipande vyembamba, pua karibu iguse.

"Hivi sisi tunavifagia," akasema.

"Ndiyo, ninyi mnavifagia," nikamjibu. Husenbi akanifinya mgongoni.

Jamilabi hakukasirika. Alimnyanyua mjukuu wetu kutoka kwenye kawandi aliyoishona yeye mwenyewe, akaitandika yangu juu ya yake, akamlaza mtoto katikati, palepale tumboni.

"Hii ndiyo ya juu," akasema.

Sikujificha, nililia mbele yao wote kwa furaha. Wanawake wakasukumana kuja kutazama, huyu anagusa, yule anashangaa, mkono gani huu. Na mwanangu Zaitunbi akainua kichwa katika nyumba ile, akawatazama mmoja mmoja, akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na asiyejua:

"Aliyeshona ni mama yangu."