Mgonjwa wa Gongoni

Mwaka ule Mwanne hakuwa ameugua hata mafua. Ndiyo maana alicheka wifi yake alipompigia simu kutoka Nzega na kumuuliza, kwa sauti ya mtu aliye msibani, kama mkono umeanza kupata nguvu.

"Mkono gani, wifi?"

"Uliopooza. Ni wa kulia au wa kushoto?"

Kicheko kikamkauka mdomoni. Aliacha kukanyaga cherehani, akatoka kibarazani kwa Kherunisa, muuza vitambaa wa Gongoni mjini Tabora aliyempa nafasi ya kushonea mbele ya duka lake, akaenda kusimama pembeni ambako hapakuwa na wateja.

Elieth, mdogo wake Shigela mumewe, alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni pale Nzega. Wamekuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, akaeleza. Wanatengeneza tamthilia juu ya njia ya misafara ya zamani, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda ziwani, na wanatafuta waigizaji wa huku huku wanaojua Kinyamwezi. Asubuhi ile alipokuwa akiwapelekea chai, alimsikia mkubwa wao akisema: "Niliyemtaka mimi ni yule Bi Sumu wa Tabora. Basi tu, tumeambiwa kapooza."

"Nani kawaambia?"

"Hakusema. Alisema mtu wake wa karibu. Mimi nikanyamaza, wifi. Nikadhani labda mna ugonjwa mmeuficha, nisije nikauanika."

Mwanne alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika kama kitu cha moto. Mtu wake wa karibu. Ni nani huyo?

Bi Sumu lilikuwa jina lake la maigizo. Kwa miaka kadhaa alikuwa akicheza mama mkwe mwenye roho mbaya katika vichekesho vifupi vya kikundi cha Chungu Kizima, vile ambavyo watu hutumiana kwenye simu. Aliucheza uovu ule vizuri mno, hata ukamganda. Kwenye shughuli za watu, akisogelea masufuria, kuna mwanamke lazima angemkata jicho. Sokoni aliwahi kumpa mtoto wa mwenzake karanga, mama akazipokea kwa tabasamu, na alipogeuka akazimwaga. Mwanne hakuwahi kulalamika; alijua mwigizaji asiyeaminika kwenye igizo hana kazi. Lakini siku ile ilikuwa zamu yake kuwatazama wengine kwa jicho lile.

Jicho likatua kwanza nyumbani kwake.

Shigela hakuyapenda maigizo, wala hakuficha. Alikuwa mfanyabiashara wa asali, mtu wa kwenda Ulyankulu na ndoo tupu na kurudi nazo zimejaa, mtu wa maneno machache. Kila mkewe alipotaja safari ya kwenda kujaribiwa mahali, alikuwa akisema, "Huko unakokwenda unamjua nani?" Na Mwanne akakumbuka kwamba mwezi uliopita alimkuta ameshika simu yake, akasema alikuwa anatazama saa. Saa! Na ya ukutani imening'inia palepale!

Jioni Mwanne alimwandalia ugali bila neno, akaketi mbele yake akimwangalia anavyotafuna.

"Kuna nini?" Shigela aliuliza.

"Nimepooza upande gani, mume wangu?"

"Nini?"

"Nakuuliza wewe uliyewaambia watu wa filamu. Kulia au kushoto? Nataka nijue niburute mguu upi."

Shigela aliweka tonge chini. Alimsikiliza mpaka mwisho: Nzega, Elieth, mtu wa karibu, simu iliyoshikwa. Hakupandisha sauti.

"Mimi nikitaka usiende mahali, nakwambia usiende," alisema. "Sijawahi kukuombea ugonjwa."

Akanawa mikono, akatoka nje kwenye ndoo zake. Mwanne alijiambia kwamba hivyo ndivyo anavyosema mtu mwenye hatia. Kisha akajiambia kwamba hivyo ndivyo pia anavyosema mtu asiye na hatia. Kutwa nzima iliyofuata wakapishana humo ndani kama wapangaji, na kila simu ya Shigela ilipoita, mkewe alitega sikio.

Kherunisa ndiye aliyemtoa gizani, tena bila kukusudia. Alikuwa anatazama moja ya vile vichekesho kaunta pale, kikafika mwisho, na kwenye kioo ikatokea namba ya simu chini ya jina la kikundi.

"Hii si namba yako, Mwanne," alisema. "Mtu akikutaka, anakupataje?"

Mwanne akaganda na mkasi mkononi. Namba ile ilikuwa ya Fikiri. Ilikuwepo pale tangu siku ya kwanza, naye hakuwahi kuiwazia. Fikiri ndiye mwenye kamera, ndiye anayerekodi na kukata picha, ndiye aliyemchukua Mwanne akiwa hajui hata asimame wapi na kumfundisha yote. Kwa kaka Fikiri angeweza kumwacha mwanawe na kusafiri.

"Niazime simu yako, dada Kheru."

Alikohoa, akanyoosha mgongo, akaibana sauti ikawa nyembamba, ya haraka, ya mwanamke aliyekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Kherunisa akaacha kuhesabu mita zake.

"Haloo, habari za saa hizi? Naongea na Chungu Kizima? Mimi naitwa Koleta, napiga kutoka Dar. Tunamhitaji yule dada anayecheza Bi Sumu, tuna kazi naye."

Kisha sauti ya Fikiri ikaja, laini, yenye huzuni iliyopangwa vizuri.

"Aa, dada Koleta. Umechelewa. Mwenzetu kapatwa na kiharusi."

"Maskini! Hali yake ikoje?"

"Mbaya, dada. Upande mmoja hauna kazi, mdomo umekwenda huku. Mimi mwenyewe ndiye ninayekwenda kumnywesha uji." Akavuta pumzi. "Lakini kama mnatafuta kipaji cha huku, mimi ndiye niliyemfundisha yule. Mimi mwenyewe naigiza. Nikutumie picha zangu?"

"Zitume," alisema Mwanne kwa sauti ileile nyembamba. "Tutakupigia."

Akarudisha simu kaunta. Hakujua kama ile ilikuwa hasira au ni ule msisimko unaomshika kila anapomaliza kuigiza.

"Mgonjwa gani huyu," alisema Kherunisa polepole, "anayekata vitambaa kwangu tangu asubuhi?"

Siku ya mazoezi Mwanne alichelewa makusudi. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi katika chumba walichokodi nyuma ya mashine ya kusaga, Fikiri amesimama katikati anaelekeza. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke anayeburuta mguu. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama kitambaa cha mvua. Mdomo ulikuwa umepinda kuelekea sikioni, na jicho moja limelegea. Mtu mmoja akapiga ukelele, wengine wakainuka kumkimbilia.

Mwanne akawapita. Alijiburuta mpaka mbele ya Fikiri, akamtazama kwa lile jicho zima.

"Kaka Fikiri," alisema kwa ulimi mzito, "nimekuja kunywa uji wangu."

Wenzao hawakuelewa. Fikiri alielewa. Uso ulimshuka, akatafuta pa kuegemea, akakosa. Mwanne akanyoosha mdomo, akanyoosha mguu, akasimama wima.

"Dada Koleta wa Dar anakusalimu."

Fikiri aliwaomba wengine watoke, na walipotoka akakaa chini kwenye sakafu.

"Ungeondoka," alisema. "Ukienda wewe, kikundi kimekufa. Nani anatazama Chungu Kizima kwa ajili yangu? Wanakutazama wewe. Mimi nimekaa nyuma ya kamera mpaka nimeota mvi, Mwanne. Nikasema, safari hii na mimi wanione."

"Ungewaambia kwamba na wewe unaigiza. Ungeniambia mimi, tungekwenda wote."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Machozi yakamtiririka. Na hapo ndipo Mwanne alipoumia kuliko yote, kwa sababu Fikiri ndiye aliyemfundisha kulia bila kitunguu: kaza macho usipepese, zuia pumzi, kisha iachie kidogo kidogo. Akamtazama machoni. Yalikuwa yanapepesa? Hayakuwa yanapepesa? Hakuweza kujua, na akaona kwamba hata angekaa pale mpaka jua lizame asingejua.

"Toa namba yako kwenye sura yangu," alisema. "Mengine tutayaongea nikirudi kutoka Nzega."

Nyumbani alimkuta Shigela anachuja asali uani. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamweleza yote, kisha akamwomba radhi, na katikati ya kuomba sauti ikamkatika.

Shigela aliweka chujio chini.

"Hiyo radhi," aliuliza, "ni yako au ya maigizo?"

Neno lile lilimchoma, lakini alijua amelitafuta mwenyewe. Hakuwa na la kumwonyesha zaidi ya uso wake uleule.

"Ni yangu."

"Haya." Akarudi kuchuja. Baadaye kidogo akaongeza, "Nzega twende wote. Nikamwone huyo mwongozaji."

Mwongozaji aliitwa Abdulatifu, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochongwa, mwenye simu mbili na haraka nyingi. Alimpokea Mwanne uani mwa nyumba ya wageni, akamzunguka kwa macho kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Kumbe mzima! Mbona tuliambiwa...?"

"Mliambiwa uongo."

"Na nitajuaje kwamba uongo si huu?" Alisema akicheka, lakini macho hayakucheka. "Nimekuja huku nimeshadanganywa sana. Kila mtu anajua Kinyamwezi mpaka nimwambie aseme. Haya, twende chumbani kwangu tukakujaribu. Huko hakuna kelele."

Elieth, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, aliacha kukoroga. Shigela hakusogea, ila mikono yake iliacha kuning'inia. Mwanne aliwahi kusikia habari za vyumba visivyo na kelele. Zilikuwa habari za wasichana waliorudi Tabora wakasema kazi haikupatikana, wasiseme zaidi. Labda huyu alimaanisha kelele tu. Labda. Angekataa, nafasi ingeweza kumponyoka, nayo alikuwa ameikimbilia kuliko kitu chochote.

"Tufanyie hapa uani," alisema.

"Masufuria yatasikika kwenye picha."

"Kwani misafara ilipita kimya, mzee?"

Mmoja wa wapishi akacheka. Abdulatifu akamkazia macho Mwanne, akamwangalia Shigela, akaangalia jiko zima linalomwangalia yeye. Haikujulikana kama amekasirika au ameaibika. Hatimaye akamwita mpiga picha, akamnong'oneza, na kamera ikaletwa uani.

Kipande chenyewe kilikuwa kifupi. Mwanamke wa Unyanyembe, Tabora ya zamani, amekaa mlangoni. Mumewe aliondoka na msafara kwenda pwani na pembe ya ndovu begani, hajarudi. Anakuja mgeni anayesema ametumwa na mume huyo, na anaomba maji. Abdulatifu mwenyewe ndiye aliyesoma maneno ya mgeni, kwa sauti kavu isiyo na chumvi. Alianza kwa "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya huku, akaitamka vibaya.

Mwanne hakuitikia upesi. Alikaa juu ya kinu, akamtazama yule mtu kuanzia miguuni. Kisha akamjibu kwa Kinyamwezi cha bibi yake, taratibu, akimuuliza mume wake ana kovu upande gani. Mgeni akakosea. Akamuuliza tena, na sauti yake sasa ilikuwa inamsihi asahihishe jibu lake, apatie, ili apate sababu ya kumwamini. Mkono ulinyoosha kata ya maji, ukarudi, ukanyoosha tena. Mwisho aliyamwaga maji chini, mbele ya miguu yake, na hakutoa chozi hata moja.

Mchele ulianza kuungua jikoni na Elieth hakukumbuka kuuepua.

"Asante," alisema Abdulatifu, akitazama kioo cha kamera badala ya kumtazama yeye. "Tutakupigia."

Tutakupigia! Neno lilelile alilompa Fikiri. Walirudi Tabora na ndoo tupu zikigongana nyuma ya pikapu ya Shigela, Mwanne akiamini kwamba ameipoteza kazi kwa mdomo wake.

Walipoikaribia Tabora, Shigela alipunguza mwendo.

"Yule mwanamke," alisema, "alijua mumewe amekufa?"

"Alikuwa anashuku."

"Nilitaka ampe maji," alisema Shigela, na akaongeza mwendo.

Simu ilikuja Mwanne alipokuwa ameshakata tamaa. Abdulatifu alisema sehemu kubwa wamempa mwigizaji mwenye jina, wa Dar es Salaam, kwa kuwa wenye filamu wamesisitiza. Lakini wameandika sehemu nyingine, ya mwanamke anayewapikia wapagazi kambini, na haikuwepo mpaka walipomwona uani. Je, anaitaka?

Mwanne aliketi. Alitamani kusema ndiyo kabla pumzi haijaisha. Badala yake akasema:

"Nitalala wapi?"

"Utalala... na wenzako wa kike."

"Wangapi, na akina nani? Mkataba utanitumia niusome kabla sijatoka nyumbani? Jina langu litaandikwa, na namba yangu, si ya mtu mwingine? Mume wangu akitaka kuja kutazama, atazuiwa?"

"Dada Mwanne," Abdulatifu alipumua, "wewe ni mtu mgumu."

"Si mgumu, mzee. Nimeuliza tu."

Akajibiwa moja baada ya jingine, na majibu yakaonekana kuwa sawa, ingawa kwenye simu kila kitu huonekana sawa. Akashukuru, akakata. Shigela alikuwa uani na chujio mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Hukumuuliza mtakula nini," alisema.

Mwanne akamtazama, akachukua simu, akapiga tena.