Mgunga wa Nyuma ya Ghala

Kila asubuhi mke wa mwoka mikate alirusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri. Unga ukigeuka kahawia, mikate iingie. Ukiungua mweusi, moto umezidi, asubiri. Tangu waanze kutumia kuni za nyuma ya ghala, unga ulipogusa makaa tu, moto ulipiga chafya. Mbili za haraka, halafu ya tatu iliyochelewa, kama ya mtu aliyedhani amemaliza. Wateja waliopanga foleni dirishani waliitikia "Afya," kisha wakaendelea kuulizia mikate ya jana kwa bei ya chini.

Ilikuwa chafya ya shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji alikuwa mwoka mikate asiyepatana na unga. Alipiga chafya kutwa, na bado alidai nusu yake ya tanuri waliloachiwa na baba yao. Kiangazi kilichopita ndugu hao waligombana nyuma ya ghala. Kesho yake mume alisema mdogo wake amesafiri kutafuta maisha. Viatu vya msafiri vilikuwa bado mlangoni. Mke aliviona, akavipanga vizuri.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, mti ukaota nyuma ya ghala, pale ambapo udongo ulikuwa umefukuliwa. Hata mpapai, pamoja na haraka zake zote, hujipa muda. Mti huu ulilala mche ukaamka umepita paa. Majirani walisema hiyo ndiyo faida ya udongo mzuri, wakafunika kombe. Mume aliukata. Baada ya siku chache ulikuwa umesimama palepale na kivuli chake. Akaukata tena, na kwa kuwa mtu mwenye akili hatupi kuni, akazitia tanurini.

Ukweli usemwe, zilikuwa kuni za kujivunia. Ziliwaka taratibu, hazikutoa moshi wa kuliza watu, na makaa yake yalikaa hai chini ya jivu mpaka alfajiri. Mikate iliiva pande zote. Mume akaacha kununua kuni. Aliwaambia watu ni mkalitusi, na watu wakasema ni mkalitusi, ingawa mkalitusi hauna miiba na mikono yake mwenyewe ilikuwa imechanika hadi viwikoni.

Mke alikuwa binti wa mkata kuni; mgunga aliujua kabla hajajua kujifunga kitambaa. Lakini mtaa mzima mgunga ulikuwa huo mmoja, na kuutaja kwa jina lake ilikuwa sawa na kusema anajua kilicho chini yake. Aliogopa. Alimwogopa mumewe akiwa kimya, na akichangamka alimwogopa zaidi. Siku hizi alikanda unga akiwa ameelekea mlangoni.

Kila ulipoota upya mti ulizidi ugumu, mpaka mpini wa shoka la mume ukavunjika. Akaitwa mpasua kuni, aliyeitwa Pigo Moja kwa sababu alijigamba kwamba hakuna gogo lililowahi kumdai pigo la pili. Hili lilimdai mpaka shati likalowa. Akakaa kitako, akaligeuza, akacheka kicheko chake kifupi.

"Mkalitusi gani huu, bosi? Tazama miiba, imekaa miwili miwili. Kiini chekundu hiki. Huu ni mgunga, tena mzee." Akagonganisha vipande viwili, vikalia kama chuma. "Na mwaka jana hapa mlikuwa mnaanika magunia. Umeota juu ya nini?"

Mume alicheka pia. Akamwambia mkewe amletee mgeni chai na mkate wa moto, kazi amefanya. Mke alileta. Alitaka kumwambia Pigo Moja anywe upesi aende zake, lakini mumewe alisimama katikati yao, akaweka kikombe chini akarudi ndani. Aliporudi kuchukua kikombe, chai ilikuwa haijaguswa na imepoa. Shoka la Pigo Moja lilikuwa limeegemea ukuta. Mume alisema amesafiri kutafuta maisha, huku akinawa udongo mikononi.

Mvua iliyofuata ilileta mgunga wa pili, kando ya wa kwanza. Kuni zake zilicheka tanurini, kicheko kifupi cha mtu wa majigambo. Wateja walikipenda. Mmoja alisema hapa mtu hanunui mkate mkavu, anapewa na mazungumzo.

Asubuhi moja mke wa Pigo Moja akafika kwenye foleni. Moto ukacheka. Alibaki na mkate mkononi, hakuuweka kikapuni.

"Dada," alisema, "hizo ni kuni za mti gani?"

Nyuma ya mke wa mwoka mikate, mume aliingia na jembe. Hakuwa ameitwa. "Si umjibu mwenzako," alisema kwa upole.

Mke alitazama uso wa yule mama, kisha jembe, kisha uwanja wa nyuma, ambako bado palikuwa na nafasi.

"Mkalitusi, dada."

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Akaomba kaa la moto, kwake jiko limezimika. Mke alimchagulia kubwa kuliko yote, akamwekea kwenye kigae. Mume akalirudisha jembe ukutani.

Yule mama aliondoka na kaa lake likicheka njia nzima, na hakuharakisha. Mteja aliyefuata akataka mikate miwili. Mke akarusha unga, moto ukapiga chafya, foleni nzima ikaitikia, naye akaitikia pamoja nao: "Afya."