Mafuta ya Cherehani

Fundi cherehani alipoleta nyumbani besi ya kusimama, lile zeze kubwa la nyuzi nne, mkewe aliizunguka mara moja, akashika kiuno.

"Imekupita kimo, ina nyonga, na umeifunika shuka langu. Ungesema tu umeoa."

"Tofauti ni kwamba huyu hasemi."

"Subiri umguse."

Kweli, fundi alipovuta upinde kwenye nyuzi, besi ililia kama mlango wa choo cha shule. Yeye hakushona hata kifungo bila kuomba, basi akapiga magoti. "Bwana, ulimuumba kiboko ukaona ni vyema. Nitazame na mimi." Akavuta tena. Kiboko alikuwa na nafuu.

Besi ilikuwa mali ya kwaya. Humo kwayani fundi aliwekwa mstari wa nyuma na kuombwa, kwa upendo, afungue mdomo tu asitoe kitu. Ndiyo maana akajiunga na darasa la jioni la besi hapo kanisani: alitaka naye asikike kanisani kabla hajafa. Lakini mwalimu, binti mkali wa rika la kitinda mimba wake, alimwambia wazi kwamba Jumapili asipoweza wimbo mmoja, besi inakwenda kwa vijana.

Jumamosi akamkumbusha, "Baba, upinde unakwaruza. Upake vizuri kabla ya ibada."

Dukani kwa fundi, kila kinachokwaruza kina dawa moja. Alizipaka singa za upinde, zile za mkia wa farasi, mafuta ya cherehani, akazifuta kwa kitambaa safi, akashukuru.

Jumapili kwaya ikaanza. Fundi akavuta upinde. Kimya. Ukateleza kama sabuni bafuni. Akavuta kwa imani zaidi, ukateleza kwa imani zaidi.

Mwalimu akasogea huku akitabasamu kwa ajili ya waumini. "Umepaka nini?"

"Mafuta."

"Yesu wangu. Unapakwa ulimbo, baba, ili ushike uzi. Kile kidonge cha njano nilichokupa ulidhani nini?"

"Nta. Nimelainishia uzi wa vifungo."

Mwalimu akafumba macho, pengine akisali. "Weka chini upinde. Tumia kidole."

Fundi akaudonoa uzi mnene kwa kidole kilichokomazwa na sindano. Dum. Benchi la mbele likatetemeka, na bibi mmoja akajishika kifua. *Bwana, nisamehe huo upinde.* Dum. *Halafu nimepotea ubeti.* Dum. Wanakwaya, waliozoea kukimbizana kila mtu na mwendo wake, wakageuka kumtazama, kisha mmoja mmoja wakaanza kumfuata, wakapotea naye ubeti uleule, kwa pamoja, kwa mara ya kwanza.

Baada ya ibada mwalimu aliokota upinde kwa ncha za vidole, kama anayebeba panya.

"Besi inabaki kwako," alisema. "Ila huu nakwenda nao mimi."

"Na kwayani, mwalimu? Naruhusiwa kutoa sauti?"

"Baba, usimjaribu Mungu."