Taa Chini ya Mtutu

Binti yetu Tamra alinipa mambo mawili nichague: bastola itoke nyumbani, au mama yake atoke. Mimi nikachagua la tatu, ambalo hakulitaja. Niliamua kununua taa.

Mke wangu Lorene anasahau. Alianza kwa kusahau chumvi kwenye maharage, yakafuata majina ya wajukuu, na sasa huamka usiku akazunguka nyumba nzima akiwatafuta watoto wadogo ambao siku hizi wana mvi. Tunakaa mwisho kabisa wa barabara ya bondeni, na kutoka kwetu huoni paa la jirani. Majira ya kuchipua watu walivunja banda langu wakabeba nyaya zote za shaba na msumeno wa injini. Tangu hapo bastola ikahamia droo ya kando ya kitanda. Kisha usiku mmoja nikasikia nyayo jikoni, nikaondoka nayo taratibu, na kwenye mlango nikaona mtu amesimama gizani mbele ya friji. Sikufyatua. Alikuwa Lorene, anatafuta maziwa ya mtoto.

Nilimsimulia Tamra kwenye simu kama mtu anavyosimulia ajali aliyoikwepa.

"Na siku nyingine je, baba?" akauliza.

Siku nyingine nitaona vizuri, nilimjibu. Akasema basi ndiyo hivyo, nichague, na kwamba nyumba ya kutunzia wazee huko mjini ina nafasi. Niliwahi kuitembelea. Ni safi, na wahudumu wake wanamwita kila mtu mpenzi. Lakini nilimwahidi Lorene kwamba atafia kwenye kitanda chake, na wakati ule alikuwa bado anajua maana ya ahadi.

Nilikuwa fundi umeme wa mgodini, kazi niliyoisomea darasa la jioni baada ya zamu, makaa yakiwa bado kwenye kucha. Jambo moja nililotoka nalo pale ni kwamba giza ni tatizo la kifundi, na tatizo la kifundi lina kifaa chake. Taa za ukutani nilishaweka. Lorene anazizima. Amelea watoto watano kwa mshahara wa mgodini, migomo ikija na kupita, na hata sasa hawezi kupita kwenye taa inayowaka bila kubonyeza swichi. Tochi ya mkononi nayo hainifai, kwa sababu vidole vitatu vya mkono wangu wa kushoto vilibaki kwenye mkanda wa kubebea makaa. Mkono mmoja, kwa hiyo kitu kimoja. Ilibidi taa ikae kwenye bastola yenyewe.

Tukaenda wote wawili dukani kwa Glenna Ratliff, maana siwezi kumwacha Lorene peke yake. Glenna anauza bunduki upande mmoja na vifaa vya uvuvi upande mwingine. Marehemu baba yake tulifanya zamu moja. Nilimkalisha Lorene mbele ya tangi la samaki wadogo wa chambo, ambao hupenda kuwatazama, na nikamwomba Hobart Slone, ambaye tangu astaafu hana anakokaa ila dukani humo, amwangalie.

"Taa ya bastola?" Hobart akasema. "Vernon, wewe mwizi akija utamwomba asubiri kwanza utafute miwani."

"Na wewe utamsimulia habari za samaki mpaka atoroke mwenyewe," nikamjibu. Lorene akacheka. Hakuelewa tulichosema, lakini alicheka na wanaume waliokuwa wanacheka, na nikaona siku inakwenda vizuri.

Glenna aliniwekea taa nne juu ya meza ya kioo. Niliuliza maswali yangu kwa mpangilio. Ile kubwa ilitokeza mbele ya mtutu na ingeifanya bastola yangu fupi iinamie mbele. Ya pili ilikuwa na mwanga mkali mno. Kuta zetu ni nyeupe, mwanga ungerudi ukanipofusha mimi. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila kila ikiisha chaji ni lazima uifungue kutoka kwenye bastola, na mimi sitaki kushikashika bastola yenye risasi kila Jumapili kwa mkono wenye vidole viwili. Ya nne ilikuwa ndogo kama kiberiti. Inaingia kwenye vijia vya kufungia vifaa chini ya mtutu, waya wa kuchajia unashika kwa sumaku bila kuitoa mahali pake, na mwanga wake umetawanyika, hauchomi. Nikasema hiyo.

Glenna hakuifunga. Alikaa akiigeuzageuza.

"Mzee Vernon," akasema, "hii si tochi. Unachokimulika umeshakilenga kwa bastola."

Nikamwambia najua. Nilikuwa nimesoma.

"Kusoma umesoma. Mama Lorene ndiye anayetembea usiku, au siyo?"

Nikamwambia ndiyo maana naitaka, nione kwamba ni yeye.

Hakubishana. Alichukua bastola ya plastiki ya buluu, ile ya kufanyia mazoezi, isiyoweza kutoa chochote, akaifunga taa yangu chini yake na kunipeleka kwenye stoo ya nyuma. Stoo haina dirisha. Hapo huwaingiza wanunuzi wote wa taa, wajaribu gizani kabla hawajalipa. Alinieleza nishike bastola mtutu ukiwa umeelekea sakafuni, niwashe, na niuache mwanga wa pembeni unionyeshe chumba. Akazima balbu, akabaki nyuma yangu.

Nilifanya alivyosema, na ilikuwa rahisi. Mwanga uliipiga sakafu ukapanda kutani, nikaona maboksi, viatu vya mvua, ngazi. Niliona mpaka maandishi kwenye maboksi. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu simu ya Tamra. Nikafikiri: Lorene atabaki nyumbani.

Ndipo mlango wa upande wa pili ukalia.

Sasa, mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi hageuzi macho peke yake. Taa iko kwenye kofia. Unakogeukia ndiko mwanga unakokwenda, na baada ya miaka mingi shingo na taa ni kitu kimoja. Tulikuwa na adabu yetu pia. Ukikutana na mwenzako unainamisha kichwa pembeni, maana kummulika mtu usoni ni kumtukana. Adabu hiyo niliifuata maisha yangu yote ya kazi. Lakini kofia sikuwa nayo. Niliposikia mlango niligeuka kama ninavyogeuka siku zote, nikaipeleka taa kule nilikotaka kuona, na mkono ukapanda nayo.

Alikuwa Lorene. Alikuwa anatafuta choo. Mwanga ulikuwa katikati ya kifua chake, na kidole changu, ambacho sikukituma, kilikuwa kwenye triga.

Akainua mikono juu, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko.

"Mume wangu yuko zamu," akasema polepole. "Humu hamna pesa. Chukua unachotaka, ila usiwaamshe watoto."

Glenna ndiye aliyewasha balbu. Lorene alinitazama, akatazama kile kitu cha buluu, akanitazama tena usoni. Nilingoja anitambue. Nilikuwa nimevaa shati alilonichagulia mwenyewe. Aliendelea kushikilia mikono juu mpaka Glenna alipomfuata na kuishusha, mmoja mmoja, akimwambia twende mama, twende ukanawe.

Hobart alisimama mlangoni akiwa na fimbo ya kuvulia mkononi. Akasema aligeuka kidogo tu. Hakuna aliyemlaumu.

Taa sikuinunua. Bastola yangu, niliyokuja nayo ili taa ifungwe, niliitoa garini nikampa Glenna aifungie kwenye kabati lake la chuma. Njiani nilijipa moyo. Nilijiambia kwamba kwa mara ya kwanza ugonjwa huu utanifaa: amesahau harusi yetu, amesahau mazishi ya mama yake, hili nalo litakwenda. Na kweli, tulipofika nyumbani hakukumbuka duka, wala Glenna, wala samaki. Nilimtengenezea mkate wa mahindi na maharage, akala vizuri.

Giza lilipoanza kuingia niliwasha taa ya jikoni. Lorene akaweka kijiko chini na kuinua mikono.

Nilizima. Nikakaa naye kwenye kiza mpaka pumzi zake ziliposhuka. Kesho yake niliwasha taa ya bafuni, mikono ikapanda. Sababu alikuwa ameisahau; hofu yenyewe ilikuwa imepata mahali pa kukaa, mahali ambapo jina langu lilishatoka. Akawa hataki nimfunge vifungo. Nikiingia chumbani anasimama kando ya ukuta, anasubiri nichukue ninachotaka niende zangu. Nilijaribu kukaa bila taa kabisa, akajikwaa kwenye zulia na kuumia goti. Siwezi kumlea mtu gizani, na kwenye mwanga ananiogopa. Nilifikiria kila kifaa ninachokijua. Kisha nikampigia Tamra.

Nilimwambia bastola imetoka. Akasema asante, baba, na nikasikia anafurahi. Ikabidi nimwambie na la pili.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Sanduku nilikuwa nimeshalipanga: sweta za Lorene, picha za watoto, blanketi la mama yake. Tamra alimfunga mkanda wa kiti cha gari, na Lorene alikuwa mtulivu, kwa sababu ilikuwa mchana na sikuwa na kitu mkononi. Nilipoinama dirishani kumuaga alinitazama kama unavyomtazama mzee mwema uliyemkuta njiani. Akaniashiria nisogee karibu.

"Humo ndani mna mtu mwenye taa," akaninong'oneza. "Ukimwona Vernon akitoka zamu, mwambie asiingie. Mwambie watoto nimewatoa."

Nikasema nitamwambia.