Kitufe cha Kumsimamisha Chiriku

Mama alikuwa amemaliza kupiga deki jikoni, na sakafu haijakauka, pale bintiye alipopita na sinia la vikombe kuwapelekea wageni chai. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mdomo usiopumzika, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Alitabasamu, akateleza, mguu mmoja ukaenda juu, vikombe vikatawanyika, akakaa chini puu. Hakuumia. Shangazi yake, aliyekuwa kashika simu muda wote akirekodi, alicheka mpaka akajifuta machozi. Mzazi mwingine angemuuliza mtu wa namna hiyo anapiga picha ya nini, lakini mama alikuwa anawaza vikombe.

Shangazi aliikata video ile ikawa picha fupi inayojirudia: tabasamu, mguu, vikombe, puu, tabasamu tena. Akaandika chini yake, "Mimi na mshahara wangu," akaitupa kwenye grupu la ukoo. Ikatoka huko ikaenda kwa majirani, kwa makarani wa maofisini, kwa watu wa nchi ambazo mama hazijui hata kwa jina.

Wiki iliyofuata Chiriku akaanza kuanguka. Mtu yeyote alipoifungua picha ile, popote alipo, mtoto alitabasamu, akateleza, akakaa chini puu. Alianguka akipiga mswaki. Alianguka kwenye foleni ya shule. Watu wa maofisini wakienda mapumziko, alianguka mfululizo. Mwalimu alimtandikia mkeka nyuma ya darasa, akaendelea na hesabu za sehemu. Baba yake alizifunga kona za meza kwa matambara. Nyonga za mtoto ziligeuka rangi ya bilinganya.

Mama alimwendea shangazi mtu.

"Wifi, futa ile picha. Mtoto anaumia."

"Nilishafuta zamani, wifi yangu. Lakini iko kwa watu. Nitaingia kwenye simu ya kila mtu mimi?" Akamsogezea kiti. "Halafu ni maarufu sasa huyo. Wenzio wanalitafuta hilo hawalipati."

Mama akaenda kwa fundi wa simu. Fundi aliifungua picha aione, na kule nyumbani Chiriku akaanguka.

"Hizi hazina kitufe, mama. Video unaisimamisha. Hizi zikifunguka zinacheza tu mpaka uondoke mwenyewe."

"Na waliozitengeneza hawakuliona hilo?"

"Watu wamelalamika. Wengine zinawaumiza macho. Wamesema kitufe kitaletwa."

Mama alikingoja kitufe kama watu wanavyongoja maji ya bomba, na kikaja. Fundi alimpigia mwenyewe: programu za kufungulia intaneti zimebadilishwa, kila picha inayocheza sasa ina vitufe vya kusimamisha, kuendesha na kupunguza mwendo. Mama akashusha pumzi.

Mchana huohuo Chiriku aliteleza na hakufika chini. Alibaki hewani, mgongo umelala, mguu juu, mdomo wazi. Mtu mahali fulani alikuwa amesimamisha picha akaenda kula. Mama alimlisha uji kwa kijiko, akimwinua kichwa taratibu. Shangazi alipita kuwasalimu, akamzunguka mtoto kama anayekagua kabati.

"Si afadhali, wifi? Haanguki sasa. Mliomba kitufe, mmepewa."

Kesho yake mtu alipunguza mwendo ili acheke vizuri, na mtoto alitumia mchana mzima kufika sakafuni, macho yakimfuata mama.

Mama akarudi kwa fundi.

"Hicho kitufe kiko kwa nani?"

"Kwa kila anayeangalia. Hata wewe unacho."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye yumo ndani ya picha, mama." Fundi alifuta kioo cha simu kwa shati. "Anayebonyeza mwisho ndiye anayesikilizwa. Wewe bonyeza, halafu usisinzie."

Alipofika nyumbani, mama aliifungua picha, akangoja tabasamu, akabonyeza kabla mguu haujateleza. Kwenye mlango wa jikoni Chiriku akasimama wima, mikono mbele kama aliyebeba sinia, anatabasamu. Hakuanguka. Hakusema kitu pia. Alikuwa katikati ya kumsimulia mama habari za rafiki yake aliyehama shule, na habari ikaishia hapo.

Kila mara mtu mwingine alipobonyeza, kisigino kilianza kunyanyuka, na mama akabonyeza tena. Alijifunza kupika kwa mkono mmoja. Saa ya kula alimwachia. Mtoto akameza matonge mawili, akasema haraka, "Mama, bora niangu—" na mguu ukaanza kwenda. Mama akawahi.

Nyonga zikapona. Ngozi ikarudi rangi yake.

Jioni baba alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akapita mlangoni kwa ubavu ili asimguse binti yake.

"Ameshindaje?"

"Leo hajaanguka hata mara moja," mama alisema, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Basi tumshukuru Mungu," baba alisema, akawasha taa, maana mtoto alikuwa ameuziba mwanga wa mlango.