Nani Anatoka Jumuiya?

Skolastika alikuwa anachambua dagaa wa waombolezaji, pale ufukweni Kagunga, marehemu alipofumbua macho na kuuliza, "Nani anatoka Jumuiya?"

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya kanisa. Bonaventura alikuwa ameoshwa, amevishwa shati lake la Jumapili na kulazwa chini ya turubai la wakimbizi, mkewe Marcelina pembeni yake. Kilichomwamsha ni redio ya Skolastika iliyoning'inia kwenye nguzo. Mtangazaji alikuwa anauliza wasikilizaji kama nchi ya ng'ambo ya kilima, ile ile waliyoikimbia akina Marcelina, itoke kwenye Jumuiya au ibaki.

"Lala, Baba Devota," Marcelina alimwambia. "Umekufa."

"Ego, ndiyo, najua. Lakini nani anatoka?"

Akaketi. Waombolezaji walisogea kumpa nafasi mkekani. Mmoja alimletea chai, akaiacha ipoe, kwa kuwa marehemu hanywi chai.

Kwao Bonaventura alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu, zile nyumba chache za Wakatoliki wanaosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jumuiya nyingine hakuijua. Alijua pia yanayompata anayetoka kwenye hiyo yake: akifa, padri haji, kwaya haiimbi, anafukiwa na ndugu zake kimya kimya kama kahawa ya magendo. Yeye mwenyewe aliwahi kuwatangazia watu hukumu hiyo bila kupepesa macho.

Skolastika, mwenyeji wao na mwenyekiti wa Jumuiya ya upande huu, alijitahidi kumwelewesha. "Shemeji, hiyo ni ya Afrika Mashariki. Ya ushuru na pasipoti."

Bonaventura alitafakari. "Na wanachama wake wakitolewa, nani anawazika?"

Skolastika alirudi kwenye dagaa wake. Ukweli usemwe, hata redioni swali hilo halikuwa na mwenyewe.

Marehemu akakataa kuzikwa mpaka mjadala uishe. Katekista aliona ana haki. "Siwezi kumfukia mtu anayeuliza swali," alisema, akaenda kunywa uji.

Mjadala haukuisha. Kila alasiri ulirudi, na mgeni mpya studio. Mchumi mmoja alisema nchi ile haipati faida yoyote. Mwanasheria akasema mlango wa kutoka upo, ila haujapakwa rangi, na wenzake wakacheka sana. Wasikilizaji walipiga simu kutoka sebuleni kwao. Watoke, walisema, wametuchosha. Wabaki, walisema wengine, mchele wetu tutamuuzia nani? Bonaventura alisikiliza yote, kiganja nyuma ya sikio.

Hakuoza. Alipungua tu. Kila msikilizaji aliyesema watoke alimpunguza kidogo, kama kipande cha sabuni, na aliyesema wabaki hakumrudishia kitu. Watu wa Kagunga walimzoea. Watoto walimpa shikamoo wakipita na ndoo, naye akawaitikia marahaba. Kina mama waliomba nafasi ya kuanika dagaa karibu yake, maana kuku hawakumsogelea. Shati lake likawa kubwa, Marcelina akalibana kwa pini, kisha akalibana tena.

Marcelina hakuwa na la kushangaa, alikuwa na uchungu. Alitaka jambo moja tu: amzike mumewe angali ana kitu cha kuzika, kabla meli haijamchukua yeye kwenda Kigoma na kambini, alikokuwa ametangulia binti yao Devota. Kila alasiri alimtazama akiyeyuka na hakujua amkasirikie nani, maana sauti zile hazikuwa na sura. Alitamani kuivunja redio. Lakini ilikuwa ya mwenyeji wake.

Siku zamu yao ya kupanda meli ilipofika, Marcelina aliazima simu ya Skolastika akapiga studio. Ililia hadi akakata tamaa, kisha ikapokelewa.

"Haloo, unapiga kutoka wapi?"

"Kagunga. Ila natoka ng'ambo."

"Karibu sana mama! Haya, tuambie: kutoka au kubaki?"

"Mimi nimeshatoka, baba. Nauliza mume wangu atazikwa na nani."

Bonaventura aliinama kuelekea redio kwenye nguzo.

"Pole mama. Ila leo tuko kwenye uchumi," alisema mtangazaji kwa upole, na simu ikakatika. "Naona mtandao unasumbua kidogo. Msikilizaji mwingine?"

Mwingine alisema watoke.

Afisa wa kupanga abiria alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia Marcelina, akamwamkia na Bonaventura, akaeleza kuwa meli inabeba walio hai.

"Basi tumzike leo," Marcelina aliomba.

"Amekubali?"

Walimtazama. Bonaventura, ambaye sasa alikuwa na ukubwa wa mtoto wa kunyonya, alitikisa kichwa. "Oya, hapana. Bado hawajasema."

Ilibidi Marcelina apande mtumbwi wa kumfikisha melini. Skolastika aliahidi kumwangalia shemeji yake na kununua betri. Mtumbwi ulipoachana na mchanga, Marcelina aligeuka akamwona mumewe ameketi ukingoni mwa mkeka, mkono juu. Alidhani anamuaga, naye akainua wake huku akilia kwa sauti. Kisha akakumbuka kwamba hivyo ndivyo alivyoinua mkono kwenye vikao vya Mtakatifu Yosefu, akiomba kusema.

Mpiga kasia alikuwa na redio yake, kituo kile kile. Mjadala ungeendelea kesho, ilisema, na sasa yalikuwa matangazo ya vifo. Marcelina aliyasikiliza yote mpaka la mwisho. Jina la Bonaventura halikusomwa.